Mahindi Yalitoka Wapi?



Kwenye wodi ninayofanya kazi tuna desturi moja. Ikifika sikukuu ya nchi ya mmoja wetu, analeta chakula cha kwao na kutueleza habari zake wakati wa mapumziko. Tumeshasherehekea Onam na manesi wa Kerala, na Idi pia. Mwezi huu ilikuwa zamu ya mwenzangu kutoka Guatemala, kwa sababu tarehe 15 Septemba nchi yake huadhimisha uhuru kutoka kwa Wahispania, walioupata mwaka 1821.

Guatemala ipo Amerika ya Kati, inapakana na Mexico. Siku za uhuru wanafunzi hukimbiza mwenge barabarani, na mwenge mmoja hupokezanwa nchi kwa nchi hadi Costa Rica. Ninyi wenye asili ya Tanzania, waulizeni wazazi habari za Mwenge wetu, uliowashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961.

Lakini ninachotaka kuwaeleza hasa ni mahindi. Mwenzangu alileta tamale: unga wa mahindi uliokandwa, ukatiwa nyama na mchuzi ndani, ukafungwa kwa majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Waganda mngekumbuka luwombo.

Wengi wetu tunadhani mahindi ni ya kwetu tangu enzi na enzi. Jina lenyewe linatupoteza, maana linataja Uhindi. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico, jirani na Guatemala, yapata miaka 9,000 iliyopita. Baada ya mwaka 1500 Wareno waliyavusha bahari yakafika Afrika. Kabla ya hapo ugali wa mababu zetu ulikuwa wa mtama, uwele na ulezi. (Mimi unga wangu naununua Soho Road kwa Wapunjabi, kwa hiyo labda jina halikukosea sana.)

Kitabu cha kale cha Wamaya, wenyeji wa Guatemala, kinaitwa Popol Vuh. Kinasimulia kwamba waumbaji walijaribu kumtengeneza mtu kwa udongo, akamomonyoka. Wakajaribu mti, akatoka mtu asiye na kumbukumbu. Mwishowe wakasaga mahindi ya manjano na meupe, na hapo ndipo alipopatikana binadamu.

Guatemala ina lugha za Kimaya 22. Bibi yake mwenzangu alizungumza mojawapo, Kikaqchikel. Mama yake aliijua, lakini hakuwafundisha watoto, akihofia wangechekwa shuleni. Aliwalea kwa Kihispania tu. Leo mwenzangu anakumbuka sauti ya nyimbo za bibi yake, ila haelewi zilisema nini.

Aliposikia kwamba Jumamosi nafundisha Kiswahili, aliniuliza: "Watoto wanakuja wenyewe au mnawalazimisha?"

Nikamwambia wapo wanaokuja wamenuna tangu kwenye gari.

Alicheka. Kisha akasema, "Walazimisheni."

Kazi ya Jumamosi ijayo: mpigieni simu bibi, babu au shangazi, mumwulize kwao ugali unaitwaje, na wazee wao walikula nini kabla ya mahindi. Andikeni majibu kwa Kiswahili, sentensi tatu. Sima, posho na bugali ninazijua tayari, nileteeni majina mengine. Nimeahidi kuyapeleka wodini.