Udongo Ulioletwa na Mto Katika Nchi Kame

Mkulima mwenye shamba Perkerra, Hola, Bura au Katilu, yafaa ujue jambo hili: udongo unaoulima haukuzaliwa hapo ulipo. Uliletwa na mto. Mvua ilinyesha katika milima ya mbali, maji yakabeba udongo wa huko, na mto ulipofika nchi tambarare ukapunguza mwendo na kutua mzigo wake. Mzigo wa mto Tana hutoka Mlima Kenya na Nyandarua. Wa Turkwel hutoka Mlima Elgon. Wa Perkerra hutoka nyanda za juu za upande wa Eldama Ravine.

Udongo wa namna hii ni mali kubwa, lakini una adui mmoja, naye ni chumvi. Mwezi huu tutaeleza tabia za udongo huu, kazi zake, na namna ya kuulinda usije ukaharibika mikononi mwako.

TABIA ZAKE

Mto hutua kilicho kizito kwanza. Kwa hiyo karibu na ukingo utakuta mchanga na tifutifu, na ardhi imeinuka kidogo. Mbali na ukingo, mahali pa chini ambapo maji ya mafuriko hutuama, utakuta mfinyanzi mzito unaopasuka wakati wa jua. Wapokomo wa mto Tana wanajua jambo hili tangu zamani: maembe, ndizi na mahindi hupandwa ukingoni, na mpunga hupandwa kwenye mabonde ya nyuma.

Tena mto hautulii mahali pamoja. Mwaka 1989 Tana uliacha njia yake ya zamani karibu na Hola, na pampu za skimu zikakosa maji. Mito imefanya hivyo mara nyingi katika miaka iliyopita, ndiyo sababu shamba moja laweza kuwa na mchanga upande huu na mfinyanzi upande ule, au tifutifu juu na mfinyanzi chini. Usihukumu udongo kwa kuutazama juu tu. Chimba shimo la futi 5 na utazame matabaka yake.

Kwa kuwa mvua ni chache, chakula cha mimea hakikuoshwa kikapotea. Potasi na chokaa huwa nyingi. Lakini majani ya kuoza ni machache, kwa hiyo mboji na naitrojeni ni haba. Fosfati nayo hushikwa na chokaa, mimea isiipate kwa urahisi. Basi usiimwage fosfati ovyo juu ya shamba. Iweke karibu na mbegu. Samadi ni dawa nzuri kwa udongo huu.

Futi moja ya tifutifu huweka akiba ya maji kama inchi moja na nusu hadi mbili kwa ajili ya mimea. Futi moja ya mchanga haifiki inchi moja. Kwa hiyo shamba la mchanga linataka maji kidogo mara nyingi, na la tifutifu linataka maji mengi zaidi, lakini baada ya siku nyingi zaidi.

CHUMVI HUTOKA WAPI?

Kila maji ya mto yana chumvi, hata kama ulimi hauionji. Tuseme debe moja la lita 20 lina chumvi gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja kidogo. Ekari moja ikipewa maji ya kina cha meta moja kwa mwaka, hayo ni madebe 200,000 na zaidi. Basi umeleta katika ekari hiyo chumvi kama tani moja. Mimea hunywa maji, jua hukausha maji, bali chumvi hubaki. Kule juu mlimani mvua huiosha. Hapa kwetu mvua haitoshi.

Tena ukimwagilia kupita kiasi, maji hujaa chini ya ardhi na kupanda juu. Yakifika futi 3 hadi 5 kutoka usoni, udongo huyanyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji hukauka, chumvi huachwa juu.

Misri ni mfano mzuri. Kwa maelfu ya miaka mafuriko ya mto Nile yalifunika mashamba mara moja kwa mwaka, yakaosha chumvi na kuacha matope mapya. Wakulima walipoanza kumwagilia mwaka mzima, na hasa baada ya bwawa kuu la Aswan kumalizika mwaka 1970, maji ya chini yalipanda na chumvi ikazidi. Ilibidi serikali ya huko itandike mabomba ya kutoa maji chini ya mamilioni ya ekari. Ikiwa udongo wa Nile ulihitaji kazi hiyo, wetu hauwezi kuachwa bila ulinzi.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Ukungu mweupe juu ya matuta baada ya maji kukauka. Hiyo ni chumvi.

2. Mimea imenyauka ingawa udongo una maji, na ncha za majani zimeungua.

3. Mabaka meusi yanayoteleza kama sabuni yakilowa, na kuwa magumu kama saruji yakikauka. Hayo ni magadi, nayo ni mabaya kuliko chumvi ya kawaida, kwa sababu huziba udongo maji yasipite. Wapimaji wa udongo walikuta chumvi na magadi katika tabaka la chini la mashamba mengi ya Bura.

Jaribu hivi: tia kibonge kidogo cha udongo mkavu katika glasi ya maji ya mvua, wala usikikoroge. Baada ya saa chache, maji yakiwa kama chai ya maziwa, shuku magadi.

NAMNA YA KUULINDA

Kwanza, fungua mitaro ya kutoa maji. Mfereji wa kuleta maji kila mtu huutunza. Mtaro wa kuyatoa husahauliwa, ukajaa matope, matete na mathenge. Shamba lisilo na mtaro ni kama nyumba isiyo na mlango wa kutolea taka.

Pili, sawazisha shamba. Mahali palipoinuka hukauka na kukusanya chumvi. Palipo chini hulowa na kuozesha mizizi.

Tatu, osha udongo. Kabla ya kupanda, toa maji ya kutosha kushusha chumvi chini ya mizizi, kisha yaende mtaroni. Usioshe kama mtaro umeziba, maana utapandisha maji ya chini.

Nne, panda ubavuni mwa tuta, si kileleni. Chumvi hukusanyika kileleni.

Tano, magadi hayaondoki kwa maji matupu. Hutiwa jasi iliyosagwa, ya namna ile inayotumika katika kutengeneza saruji, kisha huoshwa. Kiasi chake hujulikana kwa kupima udongo, kwa hiyo usikisie.

MAZAO NA KAZI NYINGINE

Maharagwe na vitunguu haviwezi chumvi. Viweke penye udongo mzuri kabisa. Mahindi na nyanya huvumilia kidogo. Kunde na mtama huvumilia zaidi. Pamba huvumilia sana, na mtende hushinda yote. Lakini kuvumilia si kupona: ukipanda pamba bila kuosha udongo, chumvi itaendelea kuongezeka.

Mfinyanzi wa mto hufaa kwa vyungu na matofali, ila wenye chumvi hutoa matofali yanayobanduka. Usijenge ukuta wa bwawa kwa udongo wa magadi. Maji huuyeyusha kwa ndani na kutoboa njia, ukuta ukabomoka.

Chukua udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, futi ya kwanza mbali na futi ya pili mbali. Mpelekee afisa wa kilimo, au upeleke maabara ya KALRO huko Kabete, upimwe chumvi na magadi. Halafu zungumza na jirani zako juu ya mtaro wenu. Mkulima mmoja akiziba mtaro, maji yake hupanda katika shamba la mwenzake, na chumvi haiheshimu mpaka. Mto ulitumia maelfu ya miaka kuuleta udongo huu. Chumvi yaweza kuuharibu katika miaka michache.