Presha si damu kujaa kichwani

Huenda umewahi kumsikia jirani yako hapa Mamboleo akisema kwamba damu imempanda kichwani, au kwamba ana damu nyingi kupita kiasi. Anazungumzia shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi huuita presha. Lakini maelezo hayo hupotosha.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Zaidi ya nusu huwa ndani ya vena, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, ambayo hutanuka kwa urahisi. Ateri, mishipa inayoitoa damu moyoni, huwa na sehemu ndogo tu, lakini shinikizo linalopimwa mkononi ni la humo.

Ateri huishia katika vijishipa vyembamba vinavyofanya kazi kama mifereji ya maji. Unapotembea kutoka Kondele hadi Mamboleo, vile vya miguuni hufunguka na vya tumboni hubana, ili misuli ipate damu zaidi. Ukipumzika, hali hurudi ya kawaida.

Taabu huanza vijishipa vingi mwilini vinapobaki vimebana. Hapo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila wakati. Nazo figo zisipoweza kuondoa chumvi ya kutosha, mwili huzuia maji na shinikizo huzidi.

Mwaka 1990, jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu Waluo waliohama vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda mapema baada ya kuhama, likawa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Chakula chao cha mjini kilikuwa na chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu kidogo.

Kwa hivyo, ufanye nini? Chumvi yote unayokula kwa siku isizidi gramu 5, ambazo hazijai kijiko kimoja cha chai. Usiongeze chumvi mezani. Tembea, na upunguze uzito ukiwa umezidi.

Zaidi ya yote, nenda ukapimwe. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili hadi upatwe na kiharusi, au moyo na figo ziharibike. Vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari. Na ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Huenda ni hizo zinazokufanya uwe salama.