Baridi ya Nyanda za Juu Kusini: Banda la Kuku Lisizibwe Kabisa

Kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Njombe, Makete na Mufindi huamkia baridi kali, na katika miinuko kama Kitulo barafu nyembamba huonekana juu ya majani. Katika kipindi hicho baadhi ya wafugaji wa kuku wa asili huziba kila tundu la banda kwa viroba na turubai. Nia ni njema, lakini hatua hiyo huweza kuwadhuru kuku kuliko baridi yenyewe.

Kuku mkubwa ana joto la mwili la takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya yake anapoyatunisha hushika hewa yenye joto mithili ya blanketi. Kinachomshinda ni unyevu. Banda likizibwa, mvuke wa pumzi na kinyesi hulowesha matandazo, kisha hutoka hewa ya amonia inayochoma macho na njia ya hewa, na hapo magonjwa ya mafua hupata nafasi. Kipimo chake ni rahisi: mfugaji aingie alfajiri na kuinama hadi usawa wa kuku, macho yakimwasha, banda hilo halipitishi hewa.

Kinachopaswa kuzuiwa ni upepo unaowapiga kuku moja kwa moja. Upande wa kusini-mashariki, unakovuma upepo wa kusi, ukuta uzibwe kutoka chini hadi kupita usawa wa vichanja vya kulalia, na nafasi iliyo chini ya paa ibaki wazi ikiwa na wavu. Maranda, ambayo katika wilaya hizo zenye viwanda vya mbao si haba, yatandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, na yaliyolowa yaondolewe.

Vifaranga ni suala jingine. Katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa nyuzi 3 hivi kila wiki. Wakirundikana wanahisi baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, joto limezidi. Jiko la mkaa liwashwe nje hadi moshi uishe, na hata likishaingizwa ndani tundu la juu lisizibwe, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua vifaranga pamoja na mtu anayelala humo kuwalinda.

Chanjo ya mdondo aina ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, isiahirishwe kwa sababu ya baridi. Kuku walioanza kuugua wasichanjwe. Watengwe, na afisa mifugo wa kata aarifiwe.