MSAFIRI WA KAMBI MURU NA KODI YA MAPATO

Wengi watokao Kambi Muru, Kibera, kwenda kufanya kazi Saudi Arabia kwa miaka miwili hudhani kwamba wamekwisha achana na kodi ya Kenya. Husema kwamba mshahara hautoki Kenya, na kwamba huko waliko serikali haikati kodi katika mishahara. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Sheria ya Kodi ya Mapato huuliza pia kama mwenye fedha ni mkazi wa Kenya.

Mkazi ni nani? Kwanza, ni mtu mwenye maskani ya kudumu Kenya, aliyekuwapo nchini katika mwaka huo, hata kwa siku chache. Pili, asiye na maskani huwa mkazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Au akiwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mkazi hutozwa kodi kwa mshahara wa kazi aliyoifanya Kenya, na ya ng'ambo vilevile.

Wala maskani si lazima iwe na hati ya ardhi. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa King's African Rifles, waliishi Kibera zaidi ya miaka mia kabla jumuiya yao haijapewa hati ya eka 288 mwaka 2017. Kwa sheria hii, yatosha pawe mahali anapoishi mtu, au palipo tayari kwa makazi yake. Basi chumba ambacho mama amemwekea binti yake chaweza kuhesabiwa.

Tuchukue mfano wa binti huyo. Aliondoka Machi 2023, akarudi Aprili 2025. Mwaka 2023 alikuwa mkazi. Mwaka 2024 hakukanyaga Kenya, kwa hiyo hakuwa mkazi. Mwaka 2025 akawa mkazi tena. Mshahara alioupata Riyadh mwaka 2023 na 2025 wapasa kuandikwa katika taarifa yake ya mapato. Kuandika si lazima kulipa: kwa viwango vya mwaka 2025, mshahara usiozidi Sh. 24,000 kwa mwezi haukudai kodi, baada ya nafuu ya Sh. 2,400.

Hasara huja kwa kunyamaza. Taarifa ya kila mwaka hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata kupita. Anayechelewa hutozwa faini ya Sh. 2,000, au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi. Na miaka ikipita, faini huongezeka.

Yafaa basi kila msafiri atunze pasipoti yenye mihuri ya kutoka na kuingia, mkataba wa kazi, na hati za mshahara. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.