Uwanja wa Ndege wa Kigoma na Haki ya Maiti

Misafara iliyotoka pwani kuja Ujiji ilitembea kwa miezi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam ikawa ya siku mbili hivi. Leo ndege itokayo huko hutua katika uwanja wa Kigoma baada ya saa chache tu.

Kwetu sisi Waislamu wa ufuko huu wa Tanganyika, tofauti hiyo hudhihirika zaidi siku ya msiba. Sharia inahimiza maiti azikwe mapema. Mtoto aliyeko Dar es Salaam akipanda treni, atalikuta kaburi la mzazi wake. Akipanda ndege, huenda akawahi kumswalia.

Hata hivyo, nauli ya ndege si ya kila mtu, wala ndege haipo kila saa. Tunazinasihi familia ziweke akiba ya pamoja kwa safari za dharura. Asiyewahi asilaumiwe, na maiti asicheleweshwe kwa ajili yake. Dua ya mtoto mwema haihitaji nauli.

Bora zaidi, tumzuru mzazi angali hai. Kwa ziara hiyo, hata treni ya siku mbili inatosha.