Mfano wa Eropleni ya Vita

Mwezi wa Septemba mwaka 1939 Waingereza waliingia vitani na Wajerumani. Vita vilipokuwa na siku tatu tu, yaani tarehe 6, marubani wa eropleni ziitwazo Spitfire waliona eropleni nyingine angani, mashariki ya London. Wakadhani ni za adui, wakazipiga. Mbili zikaanguka, na rubani mmoja akafa. Kumbe zilikuwa Hurricane, eropleni za Waingereza wenzao! Hapo twaona ya kuwa kutambua umbo la chombo kilicho mbali ni jambo la kufa na kupona.

Njia moja ya kuwafundisha askari maumbo hayo ilikuwa kuwaonyesha mifano midogo. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliziomba shule za nchi ile zitengeneze mifano 500,000. Wanafunzi wakachonga mbao, wakazilainisha kwa msasa, wakazipaka rangi nyeusi, ili mtazamaji aangalie umbo peke yake. Mifano ilikaguliwa kwa vipimo, na ule usio sawa ulikataliwa. Maana mfano wa uongo hufundisha uongo, na askari aliyefundishwa uongo aweza kumpiga ndugu yake.

Siku hizi mifano mingi huungwa kwa vipande vya plastiki viuzwavyo katika masanduku, na watengenezaji wake huifanya kwa kupenda tu. Walakini sheria haikubadilika: mfano useme kweli. Basi na tutazame jinsi fundi atengenezavyo mfano wa Hurricane.

Jambo la kwanza ni kipimo. Mifano ile ya shule za Marekani ilikuwa ya kipimo cha 1/72, na kipimo hicho chatumika hata leo. Kwa nini 72? Kwa sababu futi 6 ni inchi 72. Basi kila futi 6 za eropleni yenyewe huwa inchi 1 katika mfano. Rubani mwenye urefu wa futi 6 huwa mtu wa inchi 1. Mabawa ya Hurricane, toka ncha hata ncha, ni futi 40. Katika mfano hayafiki inchi 7.

Jambo la pili ni kuunga. Fundi hakimbilii gundi. Kwanza hukata vipande kwa kisu kikali, huvilinganisha vikiwa vikavu, na penye kuzidi hupiga tupa. Chumba cha rubani hupakwa rangi mapema, maana pande mbili za kiwiliwili zikiisha kufungwa, brashi haiwezi kuingia tena. Gundi hutiwa kidogo, kwani ikizidi huyeyusha plastiki na kuharibu umbo. Kisha nyufa za maungio huzibwa na kupigwa msasa mpaka zisionekane.

Jambo la tatu ni rangi. Hurricane nyingi za mwaka 1940 zilipakwa juu mabaka ya kahawia na kijani kibichi, ili adui akitazama kutoka juu azidhanie kuwa mashamba na miti. Chini zilipakwa rangi hafifu, ili zipotee angani. Fundi huanza na rangi hafifu, huifuatiza iliyokoza. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, maana rangi nene hufunika mistari midogo ya mabati. Baadaye hubandikwa alama za duara, nyekundu katikati.

Sasa mfano unang'aa kama sahani mpya. Je, kazi imekwisha? La, kwa kuwa eropleni ya vita haikukaa kabatini. Iliruka kila siku, ikatua penye matope, ikakanyagwa na mafundi. Kwa hiyo jambo la nne ni kuuchakaza mfano, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wakipaka uchafu po pote. Kila doa lina sababu yake. Moshi hutoka katika mabomba yaliyo pande mbili za injini, na upepo huupeleka nyuma. Basi masizi na yaelekee mkiani. Bunduki zake nane zimo ndani ya mabawa, na matundu yake yalizibwa kwa vitambaa kabla ya kuruka. Vikiwa bado vizima, bunduki hazijapigwa, na masizi yake hayapasi kuwapo. Matope hukaa magurudumuni. Rangi huchubuka pale rubani akanyagapo akipanda, na penye mabati yafunguliwayo na mafundi.

Tena, rangi ikichubuka juu ya bati, madini meupe huonekana. Lakini mwili wa Hurricane, kutoka nyuma ya rubani hata mkiani, ulifunikwa kwa kitambaa cha kitani kilichokazwa juu ya mbao nyembamba. Atiaye rangi ya fedha hapo amesema uongo, maana hakuna bati chini yake. Vile vile yafaa kukumbuka kipimo: mkwaruzo wa milimita 1 katika mfano ni milimita 72 katika eropleni yenyewe, karibu na upana wa kiganja.

Basi kabla ya kutia doa lo lote, fundi mwema hujiuliza: Nani amelifanya, na kwa nini? Asipopata jibu, huweka brashi chini.

Maswali
1. Eropleni yenye mabawa ya futi 54 itakuwa inchi ngapi katika kipimo cha 1/72?
2. Kwa nini mifano ya mwaka 1942 ilipakwa rangi nyeusi tu?
3. Ukiona mfano wenye masizi mbele ya mabomba ya moshi, utamwambia nini aliyeutengeneza?