Walipofungiwa Nyumbani, Nani Aliwaona?

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekwisha kuwa tauni ya ulimwengu mzima. Shule zikafungwa karibu katika kila nchi. Kwetu Kongo zilifungwa mwezi huohuo. Watu wakaambiwa: Kaeni nyumbani. Amri hiyo ilikuwa na sababu yake, nasi hatuilaumu. Lakini katika hospitali nyingi lilitokea jambo la kushangaza: mabenchi ambapo watoto wa dharura hungoja daktari yalibaki matupu.

Huko Marekani jambo hilo lilihesabiwa. Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 2020, watoto wenye miaka 10 au pungufu walioletwa kwenye vyumba vya dharura walipungua kwa 72 katika kila 100, wakilinganishwa na majuma kama hayo ya mwaka 2019. Je, watoto waliacha kuumia? Wahenga walikwisha kutujibu: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

MAJERAHA YANAYOMHUSU HAKIMU

Katika chumba cha dharura daktari hukutana na wagonjwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wenye homa, kuhara, pumu na mengine ya namna hiyo. Wa pili ni wale ambao madhara yao yanaihusu sheria pia: aliyegongwa na gari, aliyeungua, aliyekunywa sumu, aliyeanguka kutoka juu, aliyepigwa, aliyenajisiwa. Hao daktari hawezi kuwatibu tu na kunyamaza. Yampasa kuuliza jambo lilitukiaje, kuandika maneno aliyoambiwa, kupima kila alama ya mwili na kupiga picha za mifupa. Pengine hutazama hata ndani ya macho, maana damu iliyovuja nyuma ya jicho yaweza kuonyesha kwamba kitoto kilitikiswa kwa nguvu. Huenda karatasi hiyo ikasomwa siku moja mbele ya hakimu.

Kazi ya daktari si kuhukumu. Yeye hulinganisha: je, jeraha na masimulizi vinapatana? Mtoto wa miaka 3 akiwa na alama magotini na kwenye paji la uso, si ajabu, anakimbia, anaanguka. Lakini mtoto wa miezi 2, asiyeweza hata kutambaa, alama nyeusi masikioni amezipata wapi? Hapo daktari lazima aulize tena.

Maarifa haya si ya zamani sana. Mwaka 1962, huko Denver, Marekani, daktari Henry Kempe na wenzake walitoa maandishi juu ya watoto wadogo walioumizwa vibaya na watu waliowalea. Kabla ya hapo waganga wengi waliyaona majeraha hayo, lakini hawakuthubutu kuamini. Miaka michache baadaye majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuwalazimisha waganga watoe habari.

MACHO YALIYOFUMBWA

Sasa tuulize: kwa desturi, ni nani aonaye kwanza kwamba mtoto anateswa? Mara nyingi si daktari. Ni mwalimu anayeona mwanafunzi hawezi kuketi vizuri. Ni shangazi aliyekuja kutembea. Ni jirani aliyekutana na mtoto kisimani. Huko Marekani, kabla ya Korona, katika kila habari 5 za watoto waliodhaniwa kuteswa, karibu 1 ilitolewa na watu wa shule. Shule zilipofungwa, macho hayo yote yalifumbwa kwa mara moja.

Matokeo yakaonekana. Wakati wa tauni, mwaka 2020, watoto walioletwa dharura huko Marekani kwa sababu ya kuteswa au kutotunzwa walipungua hesabu. Lakini fungu la waliolazimika kulazwa likaongezeka: mwaka 2019 walikuwa 21 katika kila 1,000, mwaka 2020 wakawa 32. Maana yake yaelekea kuwa hii: mwenye alama ndogo alibaki nyumbani bila kuonwa na mtu, aliyeumia sana ndiye aliyeletwa.

Huko London, Uingereza, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilipokea watoto 10 kati ya tarehe 23 Machi na 23 Aprili 2020, ambao waganga walidhani wameumizwa kichwa kwa mkono wa mtu. Katika muda kama huo wa miaka 3 iliyotangulia, wastani haukufika hata mtoto 1. Mdogo kuliko wote kati ya hao 10 alikuwa na siku 17.

Hata hivyo, tusiseme kwamba mambo yalikuwa hivyo kila mahali. Katika hospitali nyingi za watoto za Marekani, waliolazwa kwa jeraha la namna hiyo walipungua mwaka ule. Labda katika nyumba nyingine kukaa pamoja kwa baba na mama kulimpunguzia mmoja wao mzigo. Basi si ugonjwa peke yake unaomfanya mzazi awe mkali. Hatari huja mambo matatu yanapokutana: taabu ya fedha, uchovu usio na wa kuupokea, na mlango usiobishwa hodi na mtu yeyote.

Tena si ukatili tu unaoleta madhara. Katika miezi 3 ya kwanza ya mwaka 2020, vituo vya Marekani vinavyotoa shauri juu ya sumu viliulizwa habari za dawa za kusafishia nyumba na kuua vijidudu mara 45,550, yaani zaidi ya mwaka uliotangulia kwa 20 katika kila 100. Miongoni mwa waliodhurika walikuwamo watoto wadogo wengi. Dawa iliyonunuliwa ili kuwalinda iliwekwa mahali ambapo mkono mdogo unafika.

NASI TUFANYE NINI?

Sisi wa mashariki ya Kongo tunaijua hofu ya hospitali. Wakati wa Ebola, Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wengi waliogopa kupeleka wagonjwa. Na jirani zetu wa Uganda waliona shule zikikaa bila kufunguliwa kwa wote tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Tauni nyingine yaweza kuja. Tujifunze mapema.

Ninyi wazazi, msikawie kumpeleka mtoto aliyeumia, hata kama mnaona haya. Alama ya ngozi hufutika, mfupa huanza kuungana, na ukweli hupotea pamoja nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Petroli na dawa ya kufulia zisitiwe kamwe katika chupa ya limonadi. Na mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, nawe unasikia hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje kidogo, mwite mama mkwe au jirani. Kilio hakiui mtoto. Kumtikisa kwaweza kumwua.

Ninyi majirani, msiseme: Mambo ya nyumba ya watu hayanihusu. Nyumba njema si mlango. Nendeni mkaulize habari, mchukue hata kikapu kidogo cha mihogo. Mama aliyechoka akipata wa kumpokea mtoto kwa saa moja, pengine mmezuia jeraha ambalo daktari asingeweza kuliponya. Na mkiona dalili za mateso, mwambieni mwalimu, muuguzi au mkubwa wa mtaa.

Nanyi wanafunzi, mtu akiwaumiza au akiwatenda mambo ya aibu, kosa si lenu. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Asipowasikia, mwambieni wa pili, na wa tatu.

Tauni ikija, serikali yaweza kufunga shule na masoko. Hapo ndipo kila mmoja wetu ajiulize: katika nyumba ya jirani yangu mna watoto wangapi, na ni siku ngapi sijawaona?